Mizizi Ndiyo Yenye Kiu

Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Katika hesabu zote ninazofundisha, hii naipenda kuliko nyingine. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuifanya kwa kijiti mchangani, na akimaliza huinua macho akalitazama paa la darasa kwa namna mpya. Hapa Dodoma tunapata wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Nyumba yenye paa la mita za mraba 40 hupokea basi zaidi ya lita 22,000. Toa sehemu moja ya tano kwa ajili ya yale yanayoruka pembeni, yanayovuja kwenye gata na yanayoishia kuloanisha bati; bado zinabaki lita zaidi ya 17,000. Hizo ni ndoo kubwa zaidi ya mia nane, zimeshuka zenyewe mlangoni bila mtu kuzitwika kichwani.

Kisha Juni inaingia, na nyumba ile ile inanunua maji kwa dumu.

Nina bustani ya mboga nyuma ya nyumba, na ninailima kwa samadi, mboji na majivu, bila mbolea ya viwandani wala dawa za kupulizia. Kila kiangazi swali hunirudia lile lile: hivi tunakosa maji, au tunakosa pa kuyaweka? Mtu aliye na kiu hapendi kuulizwa swali la namna hii, na namwelewa. Lakini kadiri ninavyoishi na udongo huu mwekundu ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sehemu kubwa ya ukame wetu wa bustanini hutokea siku ile ile mvua inaponyesha. Maji yalikuja, yakagonga ardhi ngumu, yakateleza kuelekea korongoni, yakaenda zake.

Jua na upepo wa Dodoma vina uwezo wa kufyonza takribani milimita 2,000 za maji kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya mvua tunayopata. Ukilijua hilo, mambo mengi ya bustani yanajieleza. Kule kwenye mvua nyingi, mkulima huinua matuta ili mizizi isizame kwenye maji. Hapa kwetu tuta lililoinuliwa hupigwa na upepo pande zote na kukauka kabla ya saa sita mchana. Ndiyo maana tunachimba matuta mbonyeo: kitanda cha mboga kinakuwa chini kuliko njia ya kupita, udongo wake umechanganywa na samadi iliyooza vizuri, na maji yanayofika hapo hayana pa kukimbilia isipokuwa kushuka. Jembe ni lile lile na mbegu ni ile ile, ila mwelekeo wa tuta unafuata tabia ya mahali. Nimewaona watu wengi wema wakihamia mji huu na matuta ya kwao, halafu wakailaumu ardhi.

Historia ya mkoa huu inatoa ushahidi mzito juu ya jambo hilo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Kongwa ikawa kitovu chake. Yaliletwa matrekta na mashine nzito, vichaka vikang'olewa, ardhi ikabaki uchi. Mvua ikawa haba, na udongo wa mfinyanzi ulipokauka uligeuka mgumu hata kuzichimbua karanga kukawa kazi. Ilipofika 1951 mpango ulikuwa umeachwa, na mamilioni ya pauni yameteketea. Katika kijiji cha Chololo, ndani ya mkoa huu huu, kuna ujuzi mwingine uliokuja kujulikana mbali kwa jina la kijiji chenyewe: mashimo ya Chololo. Mkulima huchimba shimo lenye upana wa kama sentimita 22 na kina cha kama 30, akautandaza udongo aliouchimbua kuzunguka mdomo wa shimo. Ndani hutia majivu ya kufukuza mchwa, samadi, na mabaki ya mazao, kisha hurudishia udongo kiasi bila kulijaza, ili pabaki nafasi ya maji kutuama. Mbegu ya mtama au uwele inakaa humo, na mvua ndogo tu ikinyesha, shimo linaikusanya yote.

Ninapoyaweka mambo haya mawili pamoja, matrekta ya Kongwa na jembe la Chololo, moyo wangu hutulia upande wa jembe. Aliyechimba lile shimo alianza kwa kuiuliza ardhi inapokea nini na inashindwa kushika nini. Swali hilo halihitaji fedha, linahitaji mtu aliyekaa mahali muda wa kutosha kuona maji yanapopita.

Bustanini tangi kubwa kuliko yote ni udongo wenyewe, na kinacholipanua tangi hilo ni mboji. Udongo mtupu wa kichanga huyapitisha maji kama hauyajui. Ukiulisha majani yaliyooza, samadi na mabaki ya jikoni mwaka baada ya mwaka, unaanza kushikana, unakuwa na vyumba vidogo vidogo vya hewa na unyevu, na nyungunyungu wanarudi kuutoboa. Hapa ndipo kilimo hai na kubana maji vinapokuwa kazi moja. Anayetengeneza mboji anajenga akiba ya maji hata kama siku hiyo hajagusa ndoo.

Juu ya udongo huo huja matandazo. Mabua ya mtama, maganda ya karanga, nyasi kavu zisizo na mbegu, majani ya miti: chochote kilichokwisha kuishi na kinachoweza kuifunika ardhi. Watu hulitaja jambo hili haraka haraka, lakini lina adabu zake. Matandazo yawekwe baada ya udongo kulowa, kwa sababu yakitangulia kuwekwa kwenye ardhi kavu, manyunyu ya kwanza yataishia kwenye nyasi na mizizi haitapata kitu. Yasigusane na shina, maana shina likikaa kwenye unyevu siku nzima huoza. Na hapa kwetu kuna mchwa, ambaye hayaoni matandazo kama matandazo bali kama karamu. Majivu humpunguza, na wengine huchanganya majani ya mwarobaini. Mimi nimefika mahali pa kumwachia sehemu yake, kwa kuwa mashimo anayoyachimba huyapeleka maji chini zaidi kuliko jembe langu linavyofika.

Kuna bibi mmoja jirani yangu, Mgogo wa hapa hapa, ambaye huja jioni kukaa kwenye kigoda karibu na ukuta wa bustani. Siku moja alikuwepo mwanafunzi wangu aliyekuja kunisaidia, kijana mwenye bidii, akiwa na kopo la kumwagilia. Alikuwa anainyunyizia figiri kutoka juu kwa madaha, maji yanang'aa kwenye majani.

"Shikamoo bibi," alimwamkia bila kusimama.

"Marahaba, mjukuu wangu. Unayaogesha hayo majani?"

"Nayamwagilia, bibi."

"Unayaogesha. Mizizi ndiyo yenye kiu."

Kijana akacheka, akachuchumaa, akaanza kumimina polepole chini ya kila shina. Bibi akaendelea kuchambua kunde zake. Kwa mwalimu, maneno yale yalikuwa na uzito mkubwa kuliko semina nyingi nilizoketi. Maji yanayobaki juu ya jani mchana huondoka na upepo kabla ya kumfaa mtu, na jani linalolowa kila jioni hukaribisha ukungu. Maji yanayowekwa shinani asubuhi na mapema, kidogo kidogo hadi yashuke, hukaa. Na kuna jambo la ndani zaidi ambalo bibi analijua kwa mikono yake: mboga inayomwagiwa kidogo kila siku huiacha mizizi yake juu juu, kwa sababu haina haja ya kushuka. Inayonyweshwa kwa kina, kisha ikaachwa hadi udongo wa juu ukauke, huituma mizizi yake chini kuufuata unyevu. Siku maji ya bomba yasipotoka, hiyo ya pili husimama. Kujua kama wakati umefika, chomeka kidole hadi kwenye kiungo cha pili. Kikitoka na udongo wenye ubaridi, acha. Miche ya kitaluni haimo katika hukumu hii. Yenyewe bado ni michanga, hunyweshwa mara kwa mara na kwa mkono mwepesi.

Nimekaa darasani miaka mingi na nimewaona watoto wanaomwagiwa kutoka juu. Mzazi anatoa vyote: viatu, simu, masomo ya ziada Jumamosi, mwalimu wa jioni, pongezi mbele ya wageni. Mtoto anang'aa, halafu unampa swali dogo asilolizoea na anasinyaa kama mchicha wa saa nane mchana. Kiu yake ilikuwa chini. Alihitaji mtu wa kumsikiliza hadi mwisho wa sentensi, wa kumwachia swali gumu bila kumpokonya upesi, wa kumwambia kwa upole kwamba hajui na kwamba atajua. Siwalaumu wazazi hao, wengi wao hawakupewa hilo walipokuwa wadogo. Lakini nikikaa nao kwenye vikao vya wazazi nawaambia waziwazi, na wapo walionisikia.

Njia ninayoipenda kuliko zote ya kunywesha ni ya chungu. Kila aliyekulia nyumba yenye mtungi wa maji ya kunywa anajua kwamba mtungi hutoka jasho, na jasho hilo ndilo linaloyapoza maji. Chungu cha udongo uliochomwa, kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, ukikizika kitandani hadi shingoni na kukijaza maji, hutoka jasho lile lile, ila safari hii linaingia udongoni. Udongo ukikauka huyavuta maji kupitia ukuta wa chungu; ukishiba, chungu hunyamaza. Mizizi ya nyanya chungu na bilinganya hukitafuta na kukikumbatia. Mdomo wake ufunikwe kwa kigae au jiwe bapa, kuzuia mvuke, vumbi na mbu. Hii si mbinu ya jana. Huko China, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, Fan Shengzhi aliandika kitabu cha kilimo kilichoeleza namna ya kufukia vyungu vya maji katikati ya matikiti. Anayetafuta pa kuanzia kwa gharama ndogo anaweza pia kutumia gunia lililojazwa udongo na samadi, lenye nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, na miche imechomekwa ubavuni. Gunia moja linakaa kwenye ngazi ya nyumba ya kupanga.

Chungu kimenifundisha namna ya kuwa jirani. Nilipofiwa na mwenzangu, siku za matanga nyumba ilijaa. Chakula kilikuja, fedha zilikuja, maneno yalikuja mengi kiasi kwamba sikuweza kuyapokea yote, na ninawashukuru wote hadi leo. Kisha turubai likatolewa, na kiangazi changu kikaanza. Bibi wa kigoda hakuwa amesema mengi wakati wa matanga. Alianza kuja baadaye, miezi ilipokuwa imepita, na alikuja kwa kipimo cha siku: kuna jioni aliketi bila neno, kuna jioni alileta mlenda, kuna jioni aliniona nimechangamka akapita tu njiani na salamu. Alikuwa hapo, karibu na mzizi, na kilichotoka kwake kilitoka kwa kadiri nilivyokivuta. Tangu hapo, nikisikia msiba, najilazimisha kuandika kwenye kalenda mwezi wa tatu na wa sita baada ya mazishi.

Huo mlenda wake nao una mengi. Wagogo huchuma mlenda na majani ya kunde wakati wa mvua, shamba linapokuwa kijani kila upande, huyakausha na kuyahifadhi kwa ajili ya miezi mikavu. Mwezi Septemba, mboga hiyo inapoingia kwenye chungu kusindikiza ugali wa mtama au uwele, mlaji anakula mvua ya Februari. Mimi nahesabu hivyo kuwa ni kubana maji, tena kwa njia iliyo bora kuliko mipira na mabomba. Kila kisosi cha mlenda mkavu ni ndoo ambayo haikuhitajika bustanini kiangazini. Niongeze tu kwamba ni vizuri kukausha kivulini penye upepo, kwani jua kali hula sehemu ya vitamini.

Hata mboga mbichi hazilingani katika unywaji. Mchicha na mgagani zina namna ya kutengeneza chakula chake inayofanana na ya mahindi na mtama, inayoziwezesha kukua vizuri bila kupoteza maji mengi kupitia majani. Kabichi na saladi haziko hivyo. Kuna watu wanaona mgagani kuwa mboga ya maskini na kabichi kuwa mboga ya mjini, na katika mji huu mkavu hilo linaniuma. Tumefundishwa kukidharau kile ambacho ardhi yetu inakitoa kwa hiari, tukatamani kile inachokitoa kwa kulazimishwa. Ukila kabichi Mei, mgagani ukiwa umejaa tele, umechagua. Ninawaomba vijana wachague wakijua.

Maji ya bomba ya Dodoma kwa miaka mingi yametegemea visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Watafiti waliochunguza kumbukumbu za kina cha maji ya visima hivyo, kuanzia 1955 hadi 2010, walibaini kwamba akiba ile ya chini haijazwi sawasawa kila mwaka. Sehemu kubwa hutokana na misimu michache ya mvua kubwa mno, ukiwemo ule wa El Nino wa 1997 na 1998. Miaka mingi ya kati huongeza kidogo au haiongezi kabisa. Nilipolisoma hilo sikulala vizuri. Maji ninayochota asubuhi huenda yaliteremka kabla wanafunzi wangu hawajazaliwa, na yale nitakayoyapoteza leo huenda yasirudi mpaka msimu ambao hakuna anayeujua tarehe. Kwa hiyo napima ndoo zangu. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanakwenda bustanini moja kwa moja. Ya kuoshea vyombo yanakwenda kwenye shina la mpapai, wala hayagusi jani litakaloliwa bichi. Ya kufulia kwa sabuni ya unga siyapeleki kwenye mboga, kwa kuwa chumvi zake zikirundikana huufanya udongo ugande, na maji ya chini ya eneo letu tayari yana chumvi ya kutosha.

Lakini kuna jambo lazima niliseme kwa sauti. Mahubiri ya kubana maji katika nchi hii mara nyingi huwafikia wasiowahi kuyapoteza. Mwanamke anayeamka saa kumi usiku kwenda kuchimba kishimo kwenye mchanga wa mto mkavu, akasubiri maji yakusanyike ndani yake, akayateka kwa kikombe hadi ndoo ijae, hana la kufundishwa kuhusu thamani ya tone. Tukae miguuni pake tujifunze. Anayepaswa kusikia ni mimi mwenye bomba, na jirani yangu anayemwagilia nyasi za mapambo saa saba mchana, na taasisi zenye mapaa makubwa yasiyo na gata hata moja. Paa la darasa letu ni kubwa mara kadhaa kuliko la nyumba yangu, na mvua yake yote inachimba mtaro uwanjani.

Tumekubaliana na wanafunzi wa klabu ya mazingira kuanza na hilo paa kabla ya Desemba. Gata zitawekwa upande mmoja kwanza, maji ya kwanza ya msimu yatamwagwa ili yaoshe vumbi la bati na kinyesi cha ndege, na yanayofuata yataingia kwenye tangi. Yatakayofurika yataongozwa kwenye matuta mbonyeo nyuma ya jiko la shule, ambayo tunaanza kuyachimba mwezi huu ardhi ikiwa bado kavu. Bibi ameahidi kuja kuonyesha namna ya kukausha mlenda, na ametaka aletewe kigoda imara. Mbegu za mgagani na mchicha ninazo nyingi, za bustani yangu mwenyewe. Mzazi anayezihitaji amtume mtoto na bahasha tupu, nitamjazia bila malipo.